Unywele Kwenye Kikombe cha Mwenyekiti

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya maduka mawili yanayotumia baraza moja. Mkono huu yuko Mama Kahawa na jiko lake la mkaa, birika lake na vikombe vyake vidogo visivyo na mikono. Mkono ule yuko Msusi na kiti chake cha plastiki na kioo kilichopasuka kona. Katikati wanakaa wanaume, kwa sababu mwanamume akiona ubao uliopata kivuli hawezi kuupita. Wa kwanza ni Mwenyekiti, aliyekuwa bawabu wa shule hadi alipostaafu; hakuna aliyemchagua, ila ubao ni wake, na mwenye ubao ndiye mwenye neno la mwisho. Wa pili ni fundi cherehani wanayemwita Futi, kwa ajili ya ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake hata akienda kuzika. Wa tatu ni Redio, ambaye kazi yake haijulikani lakini hakuna habari isiyomfikia. Wa nne ni Kinyozi, mwenye duka nyuma ya ukuta huohuo, anayekuja kukaa kila wateja wakikatika, na siku hizi wanakatika mapema. Wote wanne vichwa vyao ni vitupu kama sahani zilizooshwa. Mwingine nywele zilimtoka zenyewe, mwingine alizinyoa ili asionekane kuwa zinamtoka. Wakikaa pamoja jua la saa nne, mpita njia hulazimika kufumba jicho moja.

Zamani Mama Kahawa alikuwa Dada Kahawa. Siku aliporudi kazini na mtoto mgongoni wakambadilisha jina bila kumuuliza, wakaendelea kunywa. Mtoto alikuwa wa kike, mzito, mwenye kucheka ovyo. Mara tu alipoanza kuijua sura ya mama yake, ndipo nywele za mama zilipoanza kuaga. Hazikuaga moja moja kwa heshima. Zilitoka kwenye kitana kwa mafungu, zikaziba tundu la bafu, zikajinyonga kwenye vidole vya mtoto, zikajilaza juu ya mto wa kulalia kama paka. Pembeni mwa kipaji, juu ya masikio, palibaki peupe kama njia ya mbuzi.

Kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Mama mkwe alisema mtoto anazichukua za mama yake ili aoteshe za kwake, kwa hiyo asilalamike, maana hazijatoka nje ya ukoo. Shangazi alisema ni maji baridi. Jirani alimletea mafuta yanayonuka kama gari bovu, akampaka kitunguu, akampaka yai, mpaka baba mtoto aliporudi safari na lori lake akauliza kwa nini mto wa kulalia unanuka kama jikoni. Nesi wa kliniki peke yake ndiye aliyemwambia ni kawaida: wakati wa mimba nywele hukataa kuanguka, mtoto akishazaliwa zile zote zilizokuwa zimegoma huanguka kwa pamoja, halafu huota tena. Ale vizuri, apumzike. Mama Kahawa alishukuru, akatoka akijiuliza apumzike lini, na kwa nini mtu anayesema nywele zitaota amevaa wigi.

Kwa hiyo alijifunga kilemba. Kilemba kikubwa, cha kijani, kilichomkaa vizuri hata wateja wakadhani ni maringo ya uzazi. Msusi ndiye aliyekuwa akijua, maana ndiye aliyefumua kichwa kile mara ya mwisho, akashika kitana hewani, akasema kwa sauti ya chini, shoga, sisuki hapa, nikikaza zitaondoka na zilizobaki. Halafu akamfunga kilemba kwa mikono yake mwenyewe na hakuligusa tena jambo hilo.

Angeweza kukaa nalo hivyo hadi zote ziote, au zote ziishe, kama si yule mtu wa ng'ambo ya barabara. Amefungua kibanda chenye mashine ya kahawa inayonguruma kama pikipiki, na viti vyenye mahali pa kuegemea mgongo. Wanaume wa kwenye ubao walikuwa wameanza kugeuza shingo. Futi alishawahi kusema, akijifanya anasema tu, kwamba mgongo wake siku hizi unamsumbua. Mama Kahawa alijua kuwa kijiwe hakiondoki mtu mmoja mmoja. Akinyanyuka Mwenyekiti, wananyanyuka wote, na birika lake litachemka peke yake.

Asubuhi hiyo Mwenyekiti alikuwa kwenye kikombe cha pili alipoacha kunywa, akatia vidole viwili kinywani, akavuta. Kitu kilitoka polepole kama uzi unaofumuliwa kwenye pindo. Akakiinua kwenye mwanga.

— Mama Kahawa, akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akiwawekea wanafunzi waliochelewa. Hiki ni nini?

Mama Kahawa alijua kabla hajageuka. Alfajiri mtoto alilia, naye mama akakifunga kilemba kwa mkono mmoja.

— Ni unywele, mzee, akadakia Redio, maana mtu wa habari hawezi kungoja.

— Naona kuwa ni unywele. Nauliza ni wa nani.

Wakatazamana vichwa. Hapo kesi ikawa ngumu, kwa sababu kwenye ubao mzima hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuutoa hata kwa kuazima. Redio akapendekeza kwamba huenda ni wa Mwenyekiti mwenyewe, wa mwisho, uliokuwa umejificha nyuma ya sikio tangu ujana. Mwenyekiti hakucheka. Akaeleza, kama anavyoeleza kila mwaka, kwamba nywele zake hazikupotea, zilisukumwa. Mtu akiwaza sana, akili hupanda juu, na ikipanda nywele hukosa mahali pa kushika.

— Upara wa mwanamume ni cheti, akamalizia. Haya, turudi kwenye kikombe.

Futi akauomba ule unywele. Akaunyoosha kwa kucha za vidole gumba, akaulaza juu ya futi yake kwa umakini ambao wateja wake hawajawahi kuuona, akatangaza kuwa umepita kidole cha kati kwa urefu, tena ukiuachia unajikunja kama springi. Kwa hiyo si wa mtu mwenye haraka, akasema. Huu umelelewa.

Macho yote yakamgeukia Kinyozi, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna sakafu imejaa nywele za watu na mlango haufungi vizuri. Kinyozi akaweka kikombe chini. Alisema wasimharibie kazi. Nywele za dukani kwake zimekatwa, ncha zote mbili butu. Huu una kikonyo cheupe upande mmoja, maana yake umeng'oka wenyewe kutoka kwa mwenyewe.

Ingekuwa heri asingesema. Neno lile la kung'oka wenyewe liliwapanua macho. Futi akasogeza kikombe chake mbali kidogo. Redio akakumbuka kuwa amesikia, kwa mtu ambaye hawezi kudanganya, kwamba mnara mpya wa simu kule mtaa wa juu unavuta nywele kutoka kwenye vichwa vya watu, hasa waliolala wakielekeza kichwa upande wake, na upepo unazisambaza. Kinyozi akasema basi ndiyo maana wateja wamepungua. Futi akasema si mnara, ni yule wa ng'ambo. Ametuma mtu apite na kuuangusha unywele ule birikani ili wahamie kwake. Redio akasema yote mawili yanawezekana, mnara ukavuta na wa ng'ambo akaokota. Alitaka kutia na methali hapo, Mwenyekiti akamnyamazisha kwa kiganja, kwa sababu methali za Redio huanza na za watu na kuishia na zake.

Mama Kahawa alikuwa ameinama kwenye jiko akipuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa. Mtoto mgongoni akamshika kilemba kwa nyuma. Akaurudisha mkono ule ndani ya mbeleko, mara moja, mara ya pili.

— Msisumbuke, wazee, akasema. Nitamwaga hiyo, nipike nyingine.

— Humwagi kitu, akasema Mwenyekiti. Kesi haijakwisha.

Kinyozi, aliyekwisha kusahau kikonyo chake, ndiye aliyeleta kipimo cha kitaalamu. Nywele za kusukia, za dukani, ukizichoma zinayeyuka kama mfuko wa plastiki na kuacha kidonge. Za binadamu zinasinyaa na kutoa moshi. Wauchome, wajue ni wa kiwandani au wa mtu. Wote wakaona hilo ni jambo la busara kabisa. Wakaomba kiberiti, na siku hiyo Mama Kahawa alikitoa haraka kuliko anavyotoa chenji. Mwenyekiti akaushika, Kinyozi akawasha, Futi akaukinga upepo kwa mikono miwili. Ulimulika kidogo, ukajikunja, ukaisha.

Wakainamisha pua. Futi akasema inanuka plastiki. Redio akasema inanuka kuku aliyebabuliwa. Kinyozi akasema inanuka kiberiti. Wakabishana harufu mpaka harufu ikaondoka, ndipo Mwenyekiti akatazama vidole vyake.

— Na unywele wenyewe uko wapi?

Walikuwa wameuchoma ushahidi wote, hata majivu yalikuwa yamekwenda na upepo.

Mama Kahawa akajua ameponea. Kesi isiyo na kitu mkononi ni soga tu, na soga huisha kwa kikombe kingine. Akachukua birika ili awajazie. Lakini hakuwa amemhesabu Mwenyekiti. Mtu aliyekuwa bawabu hawezi kukubali kwamba kitu kimeingia getini na yeye hajui kimeingiaje, hasa akishaonekana mjinga mbele ya watu. Alikohoa, akajikalia sawasawa, akageuka taratibu kuelekea mkono ule wa baraza.

Msusi alikuwa na mteja kitini, kitana mdomoni, vidole vikitembea. Alikuwa amesikia yote, maana baraza lile halina ukuta.

— Hapa barazani, akasema Mwenyekiti, ni nani anayechana watu vichwa kuanzia asubuhi hadi jioni? Tunazunguka mbali, na jibu limekaa hapa.

Wenzake wakatikisa vichwa kama watu waliokuwa wakilijua siku zote. Mnara ukasahaulika. Mtu wa ng'ambo akasamehewa. Mwenyekiti akasema hana ugomvi na dada huyu, ila kazi ya nywele na kazi ya kinywa haziwezi kukaa baraza moja. Mwenye nyumba ni rafiki yake, jioni atapita kwake, na dada atafutiwa mahali pengine, hata kule nyuma karibu na mapipa si pabaya.

Msusi akatoa kitana mdomoni. Mama Kahawa akasubiri aseme. Neno moja tu lingetosha, mtazameni huyo mwenye kilemba, na Msusi angekuwa amemalizana nao. Msusi alimtazama Mama Kahawa kitambo kama anavyotazama mtu uzi uliokatika, akarudisha kitana mdomoni, akaendelea kusuka.

Kunyamaza kule ndiko kulikomchoma. Na hata hivyo, kusema kweli, Mama Kahawa angeweza kulivumilia hilo. Alikuwa akihesabu moyoni: Msusi ana wateja wake, watamfuata hata mapipani, na mimi hawa wakivuka barabara nitamfuata nani? Alikuwa karibu kabisa kuinamia jiko tena na kuliacha lipite. Halafu Mwenyekiti akatia asali.

— Mwangalieni Mama Kahawa, akasema. Huyu ndiye mwanamke anayejua kazi. Amejifunga kichwa vizuri, hata unywele mmoja hauonekani. Wasusi wangejifunza kwake.

Ni rahisi zaidi kuvumilia kusingiziwa kuliko sifa ya namna ile. Mama Kahawa aliweka birika chini, akanyoosha mikono nyuma ya shingo, akakuta ncha ya kilemba mkononi mwa mtoto, akaitoa, akafungua. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakiweka kitambaa begani.

— Ni wangu, akasema. Huo mliouchoma. Zinaanguka tangu nijifungue, na zitaanguka nyingine. Msusi mwacheni akae alipo.

Mteja wa Msusi akageuza kichwa, akarudishwa mbele.

Wanaume walitazama. Kwanza walitazama zile njia nyeupe juu ya masikio, halafu wakatazama chini, kama watu walioingia chumba kisicho chao. Mwenyekiti, polepole, akaweka kiganja juu ya mdomo wa kikombe chake. Hakusema hataki tena. Aliweka kiganja tu. Mama Kahawa aliona, na akaona vilevile Futi akitupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye viti vya kuegemea.

Redio ndiye aliyeanza. Alisema pole, mama, halafu akauliza kama analala akielekeza kichwa upande wa mnara. Futi akasema dada yake naye aliwahi kuwa hivyo, kisha akakumbuka kuwa dada yake lilimng'oka jino, si nywele. Kinyozi akajitolea kumnyoa zote, bure, ili zianze upya kwa adabu. Mama Kahawa akawaambia nesi amesema ni kawaida, zitaota. Wakatabasamu kwa huruma, kama mtu anavyotabasamu akiambiwa treni iko njiani.

— Sisi ni mambo ya akili, akasema Mwenyekiti, akipapasa kichwa chake, kiganja kingine bado kikombeni. Lakini mwanamke, nywele zikimtoka, hapo pana kitu. Mwanamke zinamtokaje? Si kazi yake. Mimi sisemi kwa ubaya, mwanangu. Nasema tu kahawa ni kitu cha kinywa.

Mtoto akacheka, akashika fungu jipya, akavuta. Lilikuja bila ubishi. Wote wakatazama ule mkono mdogo ulivyojaa, na Futi akajisogeza ukingoni mwa ubao kama mtu anayetaka kunyanyuka.

Wakati huo muuza fagio akafika, mwanamke wa makamo, hajawahi kuonekana mtaa ule, na mzigo wa fagio kichwani mkubwa kuliko yeye. Akautua kwa pumzi moja, akauegemeza ukutani, akaomba kikombe. Mama Kahawa akamimina. Birika lililia kidogo, sauti ya birika linalokaribia kwisha. Muuza fagio akanywa wima. Akamtazama mpika kahawa, kichwa, mtoto, kichwa tena.

— Wa miezi mingapi?

Mama Kahawa akamwambia.

— Ndio wakati wake, akasema muuza fagio, akaendelea kunywa.

Mwenyekiti hakupenda kesi yake kufungwa na mtu asiye na kiti. Akamweleza mgeni, kwa upole na kwa urefu, kwamba yeye hajaelewa. Dada huyu nywele zinamtoka, zimeingia kwenye vikombe vya watu, na zinamtoka kwa sababu amezaa. Hiyo ndiyo sababu, mwenyewe amekiri. Redio akathibitisha. Kinyozi, ambaye ni mtaalamu, akathibitisha. Futi akatikisa kichwa, jua likakipata.

Muuza fagio alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa amechoka na ukuta ulikuwa na kivuli. Alipomaliza kahawa yake akaupitia ubao kwa macho, kuanzia Mwenyekiti hadi Kinyozi, kichwa kimoja baada ya kingine, bila dharau yoyote, kama mtu anayetaka kujua kweli.

— Na nyinyi wote hapa, akauliza, zenu zilitoka mlipomzaa nani?

Msusi akaangusha kitana.

Mwenyekiti akafungua mdomo. Alikuwa na ile habari ya akili kupanda juu, ilikuwa palepale ulimini, lakini mbele ya yule mwanamke haikutoka. Akamtazama Futi. Futi akaitazama futi yake. Kinyozi akasema ameona mteja, akainuka, akaketi tena. Redio kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe hakuwa na habari. Muuza fagio akalipa kahawa yake, akapachika mzigo kichwani na kuondoka.

Wakakaa. Ng'ambo mashine ilinguruma, hakuna aliyegeuka. Baada ya kitambo Mwenyekiti akatoa kofia mfukoni, ile anayoiweka kwa ajili ya mazishi, akaivaa. Futi akajifunika kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Kinyozi na Redio, ambao hawakuwa na kitu, wakasogea kwenye kona yenye kivuli kizito zaidi.

Ndipo Mwenyekiti akaondoa kiganja mdomoni mwa kikombe, akakinyoosha kikombe mbele bila kumtazama mtu.

— Nitilie, mwanangu, akasema kwa sauti ndogo.

— Imekwisha, mzee, akasema Mama Kahawa. Mje kesho.

Akakitoa kilemba begani. Wanaume wote wanne wakainua macho kwa matumaini, wakidhani anataka kujifunga. Alikikunja mara mbili, akashikia mpini wa birika uliokuwa bado una moto, akalibeba kwenda kuliosha, mtoto mgongoni akimvuta zilizobaki.